Dabi Saa Nne Usiku, Mtihani Saa Mbili Asubuhi

Simba na Yanga wakipangiwa saa kumi na moja jioni Dar es Salaam, huku Guangzhou, China, ni saa nne usiku. Ukijumlisha mapumziko na dakika za majeruhi, kipenga cha mwisho kinalia saa sita kasoro dakika chache, na hapo utani wenyewe bado haujaanza. Ile Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023, Yanga walipomfunga mtani wao mabao 5-1, nani alilala mapema hapa mtaani Xiaobei? Kesho yake ilikuwa Jumatatu ya shule, tena katikati ya msimu wa mitihani ya Cambridge ya Oktoba na Novemba.

Naandika kwa wazazi wa Kitanzania, Kikenya, Kiganda na Kikongo wanaolea watoto katika mji huu, na kwa watoto wao wa kati ya miaka 13 na 18. Nawaandikia wote pamoja kwa makusudi, kwa sababu kijana anayesemwa bila kusikilizwa hujifunza kuficha. Malalamiko ya nyumba kwa nyumba ni yale yale: mpira, simu, gemu, alama za shule. Kwa maoni yangu shida kubwa ni moja tu, nayo ni usingizi. Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa tano, na mbele ya London kwa saa saba au nane kutegemea majira. Kwa hiyo karibu kila kinachompendeza kijana wetu kwenye skrini, iwe mechi au soga za binamu zake, hutokea wakati ambao alitakiwa awe amelala. Mzazi akipanga saa, mengi yanayobaki hupungua makali. Akinyang'anya timu, anakata kitu ambacho huenda asiweze kukiunga tena.

Nianze na hilo la timu, maana wengi hulichukulia kama upuuzi. Mtoto aliyekulia hapa anashinda shuleni akizungumza Kichina au Kiingereza. Kiswahili chake cha nyumbani kinakuwa cha amri fupi fupi: njoo ule, kaoge, umemaliza kazi ya shule? Lakini msikilize akibishana na binamu yake wa Magomeni juu ya penalti. Anasema refa kawabeba, anasema tulieni dawa iwaingie, anamkumbusha mwenzake kipigo cha msimu uliopita, anacheka kwa Kiswahili. Hakuna somo la ziada utakalolilipia Guangzhou likampa hayo. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, na katika familia nyingi upande ulishachaguliwa na babu kabla baba hajazaliwa. Nyumba za Wakenya nazo zina Gor Mahia na AFC Leopards zao. Kijana anayevaa jezi ya timu hizo mbali na nyumbani anajitambulisha yeye ni mtoto wa nani. Mzazi anayesema "ukishuka alama hakuna mpira tena" anaiadhibu sehemu ile ile ya mtoto ambayo yeye mwenyewe analalamika kwamba inapotea.

Tena adhabu hiyo haifanyi kazi. Mpira unahamia chini ya blanketi, mwanga wa skrini ukiwa umepunguzwa, sikio moja kwenye spika na jingine mlangoni. Matokeo ya shule hayapandi, na sasa umeongezeka uongo.

Basi tuseme ukweli kuhusu usingizi wenyewe. Chama cha Marekani cha tiba ya usingizi kilitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Wizara ya Elimu ya China nayo ilitoa agizo lake mwaka 2021: saa 9 kwa sekondari ya chini, saa 8 kwa sekondari ya juu, masomo ya sekondari yasianze kabla ya saa mbili asubuhi, na wa sekondari ya chini awe kitandani ifikapo saa nne usiku, wa sekondari ya juu saa tano. Wanaodhani kulala ni uvivu na wasome hapo. Alichosoma mtoto mchana hupangwa na kushikwa na ubongo akiwa amelala, kwa hiyo anayekesha akisoma usiku wa kuamkia mtihani anaubomoa ukuta anaoujenga. Kuna jambo jingine ambalo wazazi hatulipi uzito: katika umri wa kubalehe mwili wenyewe huchelewesha usingizi. Kijana anayesema saa nne usiku hasikii usingizi huenda hakudanganyi. Ndiyo maana anahitaji msaada wa utaratibu, na kelele hazitamsaidia.

Utaratibu ninaoupendekeza unaanza na kalamu na karatasi mbili, ratiba ya mechi na ratiba ya mitihani, zikiwa mezani kwa wakati mmoja mwanzoni mwa muhula. Kaeni wote. Kijana asome mechi, mzazi asome mitihani. Kila mechi ibadilishwe kwanza iwe kwa saa za Guangzhou, kwa sababu hapo ndipo watu hujichanganya. China yote inatumia saa za aina moja na haibadilishi majira. Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mechi ya Jumamosi ya England inayoanza saa tisa alasiri kwao ni saa tano usiku hapa wakati wa baridi, na saa nne usiku majira yao yakibadilika. Ile ya mapema, ya saa sita na nusu mchana kwao, hapa ni saa mbili na nusu usiku wakati wa baridi na saa moja na nusu wakati wa joto. Mechi za Ligi Kuu Tanzania za saa kumi jioni ni saa tatu usiku hapa.

Mkishabadilisha saa, mtaona kwamba hali si mbaya kama mlivyodhani. Ziko mechi zinazoangukia kabla ya saa nne usiku. Hizo mtazameni pamoja sebuleni kwenye skrini kubwa, na baba naye aweke simu yake ya biashara pembeni. Mechi za saa nne na saa tano usiku ziruhusiwe Ijumaa na Jumamosi tu, kijana akijua kwamba kesho yake ataamshwa saa tatu asubuhi, si saa saba mchana, maana anayelala mpaka adhuhuri Jumapili atashindwa kulala Jumapili usiku. Mechi ya Jumapili ya saa nne usiku ndiyo ngumu kuliko zote. Ushauri wangu ni kipindi cha kwanza tu, halafu simu inakwenda jikoni.

Zinabaki zile za Ligi ya Mabingwa Ulaya katikati ya wiki, ambazo nyingi hapa huanza saa tisa au saa kumi za usiku. Hizo, wakati shule zimefunguliwa, hapana. Sisemi hivyo kwa ukali. Hakuna namna ambayo mtoto anaamka saa kumi alfajiri, anatazama dakika 90, kisha saa mbili anaelewa hesabu za aljebra. Azitazame marudio akitoka shule. Najua shabiki atasema mechi ambayo matokeo yake yanajulikana haina ladha, na ana haki. Dawa yake ni kuyalinda matokeo. Simu ichajiwe jikoni usiku kucha. Kundi la mashabiki lizimwe mlio. Asubuhi simu isifunguliwe mpaka atoke shule. Na kijana mwenyewe amwandikie mjomba mapema, kwa adabu yake: "Shikamoo mjomba. Naomba usinitumie matokeo mpaka jioni ya huko, mimi nitakuwa nimeshatazama." Wajomba wanaelewa. Wengi wao watafurahi kwamba kuna mtoto huko China anayeipenda timu kiasi hicho.

Acheni pia nafasi ya mechi za kipekee. Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba wakaicheza ya kwao mwaka 2025, marudiano yakiwa Zanzibar kwenye uwanja wa Amaan. Usiku kama huo haurudi kirahisi katika maisha ya shabiki, na kumlaza mtoto kwa nguvu wakati baba yake anapiga kelele chumba cha pili ni dhuluma. Kubalianeni kwamba kwa muhula mmoja kijana ana ruhusa mbili za kuchelewa kulala. Azichague mwenyewe, aziandike, na zikiisha zimeisha. Alale kidogo mchana wake kabla ya mechi. Kijana anayechagua mwenyewe hujifunza kupima, na kupima ndiko tunakotaka ajifunze. Kombe la Dunia la 2026 ni mfano mzuri wa jambo hili: tarehe zake ni 11 Juni hadi 19 Julai huko Marekani, Kanada na Mexico, hivyo mechi zake kwa saa zetu ni kati ya usiku wa manane na mchana, na Juni ndio mwezi wa mitihani mikubwa ya hapa.

Kuna njia nyingine ambayo wengi tunaisahau, nayo ni kumpa kijana mpira wa saa za hapa hapa. Guangzhou si mji mgeni katika soka. Klabu iliyojulikana duniani kama Guangzhou Evergrande ilichukua ubingwa wa China mara nane kati ya 2011 na 2019, ikawa bingwa wa Asia 2013 na 2015, ikafundishwa na Marcello Lippi na baadaye Luiz Felipe Scolari, ikaujaza uwanja wa Tianhe kwa mashabiki waliovaa nyekundu. Januari 2025 klabu hiyo ilikosa kibali cha kucheza ligi kwa sababu ya madeni, ikavunjwa. Wapo watoto wetu waliozaliwa hapa ambao hiyo ndiyo iliyokuwa timu yao ya kwanza. Kama wako ni mmoja wao, usimcheke. Kupoteza timu ni msiba kwa mtoto, na ni nafasi ya kuzungumza naye juu ya fedha za mkopo na mwisho wake, mazungumzo ambayo mtoto wa mfanyabiashara anayahitaji. Soka ya mji haikufa. Klabu ya GZ-Power ya hapa hapa ilipanda daraja la pili la China mwishoni mwa 2024. Mpeleke uwanjani. Tiketi mbili na safari ya metro zinampa kijana jioni nzima bila skrini, na mechi ikiisha anarudi nyumbani akiwa amechoka vizuri.

Bora zaidi, acheze mwenyewe. Kwa anayesoma shule ya serikali hapa, mazoezi ya viungo ni sehemu ya mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, yaani zhongkao, na yana alama zinazohesabiwa. Mpira wa miguu umo katika michezo ambayo mwanafunzi wa Guangzhou anaweza kuichagua. Mzazi anayemzuia mtoto kwenda uwanjani ili asome amemnyima alama bila kujua.

Sasa nizungumze na wewe kijana, habari ya gemu na mitandao. Sheria ya nchi unayoishi unaijua. Tangu Septemba 2021, asiyetimiza miaka 18 anaruhusiwa kucheza gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu za kitaifa. Kwenye Douyin, programu ya video fupi, aliye chini ya miaka 14 anapata dakika 40 kwa siku, na usiku kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi haifunguki. Najua pia njia mnazopita. Akaunti ya mama, namba ya kitambulisho ya shangazi. Kampuni ya Tencent ilipokaza utambuzi wa sura kwenye gemu lake la Wangzhe Rongyao mwaka 2021, ikazaliwa ile "mama, hebu nitazamie hapa kidogo", na mama aliyeshika mwiko mkono mmoja anaitazama simu, inakubali sura yake, na mtoto anatokomea chumbani kwa saa tatu.

Mama, usiitazame. Na wewe kijana, elewa unachomfanyia mama yako. Unamfundisha kwamba ukimwita kwa upole kuna kitu unataka kumwibia. Kama unaona saa moja haitoshi, mweleze wazi, mjadiliane, kwa sababu ziko njia za kucheza zisizokuwa na mtandao wala akaunti ya mtu mwingine. Udanganyifu wa kila siku huzoeleka haraka, na baadaye hutoka kwenye gemu ukaingia kwenye mambo mengine.

Halafu angalia unapata nini kwenye hiyo skrini. Mimi si mtu wa kusema mtandao wote ni uharibifu. Kijana anayekata vipande vya mechi ya timu yake kwa programu ya Jianying, akaweka maandishi ya Kiswahili chini na muziki uliopimwa mapigo yake, anajifunza kuhariri, kusimulia, kuchagua. Anayechora katuni, anayetengeneza michezo midogo ya kompyuta, anayeandika uchambuzi wa mechi aya mbili kila Jumapili, huyo ana kazi mkononi. Anayepangusa video fupi moja baada ya nyingine mpaka kidole kinauma hana anachobaki nacho. Kipimo ni rahisi: baada ya saa moja, kuna kitu unaweza kumwonyesha baba? Kama kipo, mzazi, kihesabu kama darasa. Kipangie muda wake mapema jioni na ukitazame kwa dhati. Mtoto aliyeonyesha kazi yake akaambiwa "hebu toa ujinga wako hapa" hatakuonyesha tena, hata siku anapotakiwa kukuonyesha jambo la hatari.

Na hatari zipo. Kundi la mashabiki lenye watu wazima mia tatu si mahali pa mtoto wa miaka 13. Utani wa jadi ukichacha huingia matusi, picha za aibu, na watu wasiojulikana wanaomtafuta mtoto pembeni. Kwa kuwa WhatsApp, YouTube na Instagram zimefungwa hapa, familia iunde kundi lake dogo WeChat: binamu wanne, mjomba mmoja wa Simba na mmoja wa Yanga. Hapo utani unatosha na hauna sumu.

Hatari kubwa kuliko hiyo ni kubeti. Nyumbani mkeka umekuwa jambo la kila kijiwe, na kijana anasikia binamu yake wa miaka 20 akisimulia alivyokula laki mbili kwa mechi moja. Hasikii zile wiki nyingine. Hapa China kamari ni kosa la sheria isipokuwa bahati nasibu za serikali, nazo haziuzwi kwa aliye chini ya miaka 18. Mgeni akiingia katika kesi ya kamari anaweza kuadhibiwa hata kwa kuondolewa nchini, na ikifika hapo haondoki mtoto peke yake, inaondoka biashara na familia nzima. Kijana, binamu akikuomba umshikie hela ya mkeka kwenye WeChat yako, au akuombe utabiri kwa malipo, kataa na umwambie baba siku hiyo hiyo. Mzazi, ukiambiwa, usipige kelele. Mshukuru kwanza.

Kuhusu masomo sitasema mengi, kwa kuwa yaliyo mengi yanajulikana. La kwanza ni kujua mtoto anaelekea mtihani gani, na nashangaa familia ngapi hazijui mpaka mtoto anafika miaka 15. Aliye shule ya serikali anakabiliwa na zhongkao mwezi Juni. Aliye shule ya mfumo wa Cambridge ana misimu miwili, Mei na Juni au Oktoba na Novemba. Anayekusudiwa kurudishwa nyumbani kufanya Kidato cha Nne au KCSE ya Kenya ana Novemba, na ana mitaala ambayo hapa hakuna anayemfundisha. Gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, huanza 7 Juni, lakini mwenye pasipoti ya kigeni kwa kawaida huomba vyuo vikuu vya China kwa njia ya wanafunzi wa kimataifa, ambako cheti cha lugha ya Kichina cha HSK kinaangaliwa. Hizo ni njia nne tofauti. Mtoto aliyewekwa katikati ya njia mbili anasoma bila kujua anasomea nini, na mtu wa hali hiyo hukimbilia simu kila mara. Amueni mapema.

La pili ni namna ya kusoma. Wengi wanasoma daftari lile lile mara nne na kudhani wamelijua. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionyesha kwamba baada ya wiki moja, wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka bila kutazama walikumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma. Kwa hiyo funga daftari, andika unachokumbuka, fungua, sahihisha. Chukua maswali ya mitihani iliyopita, yafanye kwa saa, kisha yasahihishe kwa mwongozo wa wasahihishaji. Dakika 40 za namna hiyo saa kumi na mbili jioni, simu ikiwa chumba kingine, zinashinda saa tatu za kusinzia juu ya kitabu. Na zikiisha kabla ya saa moja, mechi ya saa mbili na nusu inatazamwa bila hatia.

Nimeliacha jambo moja mpaka sasa kwa sababu ndilo zito na linatuhusu sisi wakubwa. Maonyesho ya Canton, yaliyoanza 1957 na ambayo sasa hufanyika Pazhou, ya majira ya kuchipua huwa 15 Aprili hadi 5 Mei, kwa awamu tatu. Ya vuli ni 15 Oktoba hadi 4 Novemba. Tazama tarehe hizo, kisha tazama tena ratiba za mitihani. Msimu wa Cambridge wa Mei na Juni huanza siku za mwisho za Aprili, ule wa pili ni Oktoba na Novemba, na Kidato cha Nne ni Novemba. Wiki ambazo Kariakoo yote inakuja Guangzhou ndizo wiki ambazo kijana wetu anahitaji utulivu kuliko wakati wowote wa mwaka.

Na nyumba zetu wakati huo zinajulikana. Wageni wanne wamelala sebuleni. Maboksi ya sampuli yamepangwa mpaka dirishani, mizani ya kupimia mzigo iko katikati ya sakafu, mezani kuna karatasi za kago, kikokotoo, bakuli la pilau la jana, na pembeni kabisa daftari la fizikia lililofungwa. Simu ya mama inaita, ni mtu wa kiwandani, anazungumza haraka. "Hebu njoo mwanangu, muulize kontena linafungwa lini." Mtoto anakuja. Anauliza, anatafsiri bei, anabishana kuhusu rangi ya zipu, anarudi kwenye fizikia, anaitwa tena. Jumamosi anapelekwa soko la ngozi la Baiyun au la nguo la Baima, anatembea na mjomba kutwa nzima akiwa ulimi wake. Usiku, kila mtu akishalala, ndipo kijana anapata chumba kimya. Saa hiyo ndiyo anafungua mpira, kwa kuwa ndiyo saa pekee iliyo yake. Asubuhi mama anamkuta amelalia simu, na kinachoambiwa wageni ni kwamba mtoto huyu mpira umemharibu.

Mtoto huyo hajaharibiwa na mpira. Amefanya kazi ya mtu mzima mchana kutwa bila kulipwa, na amelipia burudani yake kwa usingizi kwa kuwa hakuna muda mwingine alioachiwa. Kumsaidia mzazi ni wema, na Kichina chake ni mali ya familia, sikatai. Lakini msaada una msimu wake. Atafsiri Januari, atafsiri Julai, na siku hizo mpeni kitu mkononi na mumshukuru mbele ya wageni. Ikifika Aprili na Oktoba, gharama ya mkalimani iingizwe kwenye hesabu ya safari kama inavyoingizwa ya kago na ya hoteli. Wageni wasio ndugu wa karibu walale hoteli. Ziko tele Xiaobei na Sanyuanli. Mtoto abaki na meza yake, taa yake na mlango wa kufunga.

Kwa hiyo, mzazi unayejiandaa kwa maonyesho yajayo, kabla hujamtumia mteja wako wa Kariakoo barua ya mwaliko, fungua ratiba ya mitihani ya mwanao. Kama tarehe zinagongana, tafuta mkalimani mwingine wiki hii, maana wazuri hukamatwa mapema.